Daftari la Vipimo: Kisa cha Fundi Aliyemfuata Mumewe Kigoma

Nilimuuliza swali ninalowauliza wote wanaokuja ofisini kuulizia mkopo: "Mama, una dhamana gani?" Hakunijibu hapo hapo. Alifungua mkoba, akatoa daftari kubwa la kaunta lililolika pembe, akaliweka mezani na kulisogeza taratibu upande wangu.

Ndani kulikuwa na majina ya wanawake, ukurasa baada ya ukurasa, na mbele ya kila jina inchi zake: kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu wa gauni. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika yale ambayo futi haiyasemi. "Bega la kushoto limeshuka." "Hapendi kubanwa kwapani." "Mjamzito, acha nafasi." "Hulipa tarehe 25, hajawahi kunisumbua." Nilianza kuwahesabu nikaishia njiani, walikuwa zaidi ya mia moja.

"Dhamana yangu ndiyo hii, dada," akasema. "Ila wote wako Morogoro."

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, hapa mjini Kigoma. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe. Majina nimeyaacha, na ya kambini nimegusa yale tu yanayomhusu yeye. Nitamwita Fundi, kama wateja wake walivyomwita kwa miaka tisa. Mumewe nitamwita Sajini. Nakiandika kwa sababu nilikikosea mwanzoni, na nadhani maafisa wenzangu wenye kambi ndani ya kata zao wanaweza kukosea vilevile. Familia ya mwanajeshi ikiyumba baada ya uhamisho, sisi hutazama ndoa, au hutazama mshahara. Ndoa hii ilikuwa nzima. Mshahara ulikuwa unaingia kila mwezi.

Walivyofika

Amri ya uhamisho ilitoka Januari 2024. Mwanajeshi haulizwi kama yuko tayari. Hupewa tarehe, akaripoti. Sajini alikuwa ameshahamishwa mara mbili, na mara zote mbili Fundi alibaki na watoto, ndoa ikaendeshwa kwa simu na likizo. Safari hii Fundi mwenyewe ndiye aliyesema waende wote. Kitinda mimba wao alikuwa na miaka mitatu na alishazoea kumwita baba yake "mjomba". Nalitaja hili kwa sababu baadaye majirani walisema mama huyu aliburutwa. Hakuburutwa.

Kifungua mimba hakuja. Alikuwa ameanza darasa la saba, na mtoto akishaingia kwenye usajili wa mtihani wa taifa kumhamisha ni kazi nzito. Mwalimu mkuu akawashauri wamwache amalizie. Akabaki kwa shangazi yake.

Vyombo vilitangulia kwa lori. Wao wakapanda treni ya reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, wakapita Dodoma, Tabora na Uvinza hadi reli inapoishia. Kwenye lori palipatikana nafasi ya vitanda, makabati na cherehani moja. Cherehani ya pili Fundi aliwaachia wasichana wawili aliokuwa amewafundisha kazi. Ovaloki aliiuza kwa bei ya kutupa. Chumba cha biashara alichopanga jirani na soko alikirudisha kwa mwenyewe. Wateja wanne waliokuwa na deni la jumla ya Sh180,000 hawakulipa hadi leo. Kwenye kikoba chake alikuwa mweka hazina kwa miaka minne. Akakabidhi funguo, akaaga.

Posho ya uhamisho huhesabu watu na mizigo. Haya mengine hayana pa kuandikwa.

Kwa nini fundi mzuri alikosa kazi

Ukimtazama fundi unaona cherehani, na unadhani cherehani ndiyo mtaji wake. Jiweke upande wa mteja. Mwanamke amedunduliza hadi amenunua kitenge anachokipenda. Sasa ampelekee mtu mwenye mkasi. Kitambaa kikishakatwa hakirudi. Kikiharibika, fundi hana cha kulipia na mwenyewe hana pesa ya kingine. Kwa hiyo humpelekea yule aliyemshonea dada yake, au aliyemshonea jirani yake akamwona kanisani amependeza. Jina la fundi hujengwa gauni kwa gauni, mtaa kwa mtaa, na halipakiwi kwenye lori.

Na Kigoma wanawake hawabahatishi mishono. Vitenge vinavuka ziwa kutoka Kongo, na mafundi wa Kikongo wamewazoesha wanawake wa Mwanga na Ujiji kujua wanachokitaka: mkono uliojaa, shingo ya mikunjo, marinda yanayosimama. Fundi wetu alikuwa bingwa wa magauni ya ofisini na sare za shule, na kibao alichotundika barazani kilisema hivyohivyo.

Halafu kuna geti. Baraza lake lilikuwa kota, ndani ya kambi. Raia hapiti getini ili akapimwe gauni. Wa kumshonesha ni mke wa mwanajeshi mwenzake, na wake wa wanajeshi hupata pesa siku moja na kuishiwa wiki moja. Mwezi wake wa kwanza hapa Kigoma alishona magauni manne na kupunguza suruali tatu, na sehemu kubwa ya malipo ilikuwa "hadi mshahara".

Siku aliponiwekea daftari mezani, mwishoni mwa Machi, nilikuwa sijayajua yote haya. Nikamshauri mambo mawili. La kwanza: ilikuwa Ramadhani, mafundi wa Mwanga wamezidiwa na nguo za Idi, basi aende kwa mzee mmoja fundi, Mmanyema wa Ujiji, akaombe kibarua. Alinitazama kidogo. "Dada, mimi nimefundisha mafundi. Leo nikashone vifungo?" Sikumlazimisha.

La pili ndilo lililoleta hasara.

Kikundi cha ndani ya geti

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilikuwa imesitishwa tangu Aprili 2023, ikaja kurejea katika mwaka wa fedha 2024/25, lakini mimi nilikuwa naendelea kulea vikundi ili dirisha likifunguliwa viwe tayari. Wanawake watano wanatosha kuunda kikundi. Nikamwambia Fundi: tafuta wenzako wanne huko huko kambini, mnafahamiana, mnakaa pamoja. Wakapatikana. Wakawa wanachanga Sh10,000 kila wiki na kukopeshana wakati wakisubiri.

Uenyekiti walimpa mke wa mkubwa. Mama wa watu hakuutafuta. Wenzake walimpa kwa sababu hakuna aliyeona namna ya kutompa. Alipochelewesha marejesho wiki ya tatu mfululizo, kikao kizima kilikaa kimya. Fundi, ambaye huko Morogoro aliwahi kumtoza faini mwenyekiti wake mwenyewe mbele ya watu, hakufungua mdomo. "Kesho asubuhi mume wangu atamtazamaje mumewe?" aliniambia baadaye. Juni, mume wa mwanachama mwingine akapata uhamisho. Ndani ya siku kumi nyumba yao ilikuwa tupu, na Sh120,000 za kikundi zimeondoka nayo. Kikundi kikafa bila hata kikao cha mwisho.

Kosa lile lilikuwa langu. Udhamini wa kikundi husimama pale ambapo watano hawaanguki siku moja, na pale ambapo kila mmoja anaweza kumdai mwenzake macho makavu. Hawa watano walikuwa na mwajiri mmoja na tarehe moja ya mshahara, karatasi moja ya amri ingeweza kumng'oa yeyote kati yao, na vyeo vya waume vilikuwa vimekaa nao mkekani. Niliwaunganisha kwa sababu wanafanana, na kufanana kule ndiko kulikowamaliza.

Nikajaribu uraiani. Nilimpeleka kwenye kikundi cha wanawake wanaoanika dagaa Kibirizi, ufukweni mwa ziwa. Mwenyekiti wao, bibi wa miaka sitini na kitu, aliipokea shikamoo yetu, akatuvutia viti, akamsikiliza Fundi hadi mwisho. Kisha akasema: "Mwanangu, wewe hatukukatai. Tunalikataa lori litakalokuja kukuchukua."

Nimehudhuria semina nyingi za uwezeshaji. Hakuna niliposikia tatizo la wake wa wanajeshi likielezwa kwa usahihi kama siku ile pale mchangani.

Ziwa lilipofungwa

Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Anayeishi Kigoma anajua maana yake. Dagaa na migebuka wakikosekana, anayeumia hawi mvuvi peke yake. Anaumia mwenye duka la vitenge, mama wa chapati, kijana wa bodaboda anayengojea abiria Kibirizi. Kushona gauni ni jambo la kwanza mtu kuliahirisha.

Ni wakati huohuo Fundi alipokwenda kwa yule mzee. Hakuniambia kwanza, nilimkuta tu barazani kwake Mwanga, ameinama kwenye zipu ya suruali. Mzee hakuwa na kazi ya kumpa zaidi ya zipu na viraka. Ila alikuwa na muda, na muda huo asingekuwa nao msimu wa Idi. Akamfundisha mkono wa Kikongo. Fundi alinionyesha karatasi za kaki alizokuwa akizikatia mifano. Mkono mmoja ameukata mara kumi na moja, kila karatasi ina tarehe yake, na kwenye nane za mwanzo mzee ameandika kwa chaki neno moja: "Hapana."

Nyumbani kukawaka. Sajini aliambiwa na askari mwenzake kwamba mkewe anaonekana Mwanga, barazani kwa mtu, anapachika zipu. Siku hiyo nilikuwa nimepata kibali cha kuingia kambini kwa shughuli nyingine, nikapitia kwao, nikawakuta wamenyamaziana. Sajini ni mtu mpole. Alinikaribisha, akamtuma mtoto soda. "Dada afisa," akasema, "mke wangu hana njaa."

"Najua, shemeji," nikamjibu. Na nilikuwa najua. Makato ya mkopo wa nyumba wanayoijenga Morogoro yalikuwa yanaumega mshahara vibaya, lakini ndani ya nyumba ile hakuna aliyelala bila kula.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Hakupandisha sauti. "Mume wangu, wewe ukihamishwa unakwenda na cheo chako. Kila kambi unayofika wanakuheshimu nacho. Mimi changu kimebaki Morogoro. Hapa mimi ni kuruta."

Sajini hakujibu kitu. Jumatatu yake asubuhi, akiwa na sare zake, aliibeba cherehani ya mkewe, akaipakia kwenye bajaji na kuipeleka mwenyewe hadi Mwanga, wenzake wanamwona. Nikipanga yote yaliyomsaidia mama huyu, tendo lile naliweka juu ya kila ushauri nilioutoa mimi.

Giza na mbalamwezi

Ukutani kwa mzee kuna kalenda yenye siku zilizozungushiwa duara. Nilidhani ni siku za kukabidhi nguo. Ni siku za giza. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa; mwezi ukishakuwa mkubwa taa haiwavuti tena, mitumbwi ikapumzika. Pesa ya Kibirizi inafuata mwezi wa angani, si wa kalenda ya mshahara. Mzee hupokea malipo ya kwanza gizani, hushona mbalamwezi, na giza likirudi anakabidhi nguo na kumaliziwa chake. Kalamu nyekundu ya "hulipa tarehe 25" haikuwa na kazi hapa. Fundi akaanza kuandika "giza" na "mbalamwezi".

Ziwa lilipofunguliwa alifanya jambo ambalo mzee hakuwahi kulifanya: alitembea. Mwanamke mwenye dagaa juani haondoki pale alipo. Kunguru hawampi nafasi. Fundi akachukua futi, chaki na daftari, akawafuata kwenye vichanja vyao, akawapima wakiwa wamesimama palepale, magamba yakiwa bado mikononi. Nguo zilipokwisha alizirudisha kwa miguu yake. Kufikia Oktoba bibi mwenyekiti mwenyewe alikuwa ameshonewa mara mbili, na mara ya pili aliuchagua mkono wa Kikongo.

Kikundi chao huenda kwa mzunguko wa mwaka. Kila wiki wananunua hisa, pesa zinakaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, na mwisho wa mwaka wanagawana na kuanza upya. Mgeni huingia mwanzo wa mzunguko. Mwanachama anaruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya hisa zake, na hapo ndipo lori linapotisha, kwa kuwa theluthi mbili za mkopo huo ni jasho la wenzake. Desemba, siku ya kugawana, Fundi aliomba kuingia kwa sharti alilolitunga mwenyewe. Atanunua hisa kama wote, ila hatakopa zaidi ya hisa zake. Amri ikija, atawaambia siku hiyohiyo, deni litakatwa kwenye hisa, na hakuna atakayepoteza shilingi.

Nilikuwa nimekaa pembeni kama mgeni mwalikwa, na nilitegemea wapige makofi. Bibi akauliza jambo jingine kabisa: "Kwenye hiyo simu yako yumo mtu aliyewahi kukuachia pesa?"

Fundi akapiga Morogoro, akaweka spika, akailaza simu juu ya sanduku. Mwenyekiti wa kikoba chake cha zamani alipokea akiwa sokoni, kelele za wapagazi nyuma yake. Akasema Fundi alishika sanduku lao miaka minne na halikupungua kitu, na siku ya kuondoka aliwakabidhi hadi shilingi mia mbili za faini aliyojitoza mwenyewe kwa kuchelewa kikao. Wanawake wa Kibirizi wakasikiliza hadi mwisho. Wakamshukuru, wakamuuliza mchele huko unauzwaje, akawauliza kama dagaa wamerudi. Kisha katibu akafungua ukurasa mpya na kuandika jina.

Lile swali la bibi limenikaa. Fomu ninayoijaza mimi ina mstari wa kiwanja, mstari wa samani, mstari wa mdhamini mkazi wa kata. Haina mstari wa mtu wa mbali anayekufahamu kuliko jirani. Siku hizi mke wa mwanajeshi akija ofisini namuuliza alikotoka nani alimwachia pesa, na nampigia mtu huyo mwenyewe akiwa amekaa mbele yangu.

Sisemi mkopo wa halmashauri sasa unawafaa. Bado unadai kikundi, na lori bado ni lori. Ninachowaomba wenzangu ni kuacha kuwafungia wanawake hawa pamoja nyuma ya geti kama nilivyofanya. Waingie mmoja mmoja kwenye vikundi vya raia, mwanzo wa mzunguko, kwa ukomo wa hisa zao, na ukomo huo uandikwe kwenye katiba ya kikundi ili usitegemee huruma ya siku hiyo. Kwa wakuu wa kambi ombi langu ni dogo zaidi: banda moja nje ya geti, lenye meza na kivuli, ambapo raia anaweza kufika bila kuandikisha jina. Mabati kumi na nguzo sita zinatosha.

Kijana wao alifanya mtihani Septemba, akabaki kwa shangazi kwa masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza, akapanda treni Desemba. Shule aliyochaguliwa ilikuwa huko huko Morogoro, kwa hiyo habari za uhamisho zikaanza upya, zamu hii za kwake. Fundi alikwenda kumpokea stesheni. Aliniambia alimpita mara moja bila kumtambua.

Wateja wa Kigoma alikuwa akiwaandika kuanzia nyuma ya daftari, Morogoro amewaachia mbele. Kijana naye alikuwa na ukurasa wake mbele: suruali ya sare, Januari 2024, inchi 35. Walipofika nyumbani alimsimamisha barazani, akampima kabla hajakaa kula, akaligeuza daftari na kuandika upande wa nyuma: 37 na nusu. Pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Acha pindo pana, bado anarefuka."